Kwenda Usinge Kuliulizia Jina la Malagamba

Mmeniuliza kwenye bomba la maji, mmeniuliza kanisani wakati wa sadaka, na juzi Mama Pili ameniuliza kwenye foleni ya sukari kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuzaji: "Febronia, huko Usinge kulikuwaje?" Kila mmoja nimempa kipande, na sasa nasikia vipande vimeungwa vibaya, eti nilikwenda kutafuta mume. Nimefunika cherehani, nimeketi niandike safari yote mara moja. Asiyeridhika na hii asiniulize tena.

Chanzo chake wa jirani mnakijua, lakini nakirudia kwa ajili ya wa mbali. Roza, binti wa kaka yangu Yosefu, alipata mchumba, kijana mwalimu aliyepangiwa shule ya hapa kwetu Morogoro. Kijana mtaratibu, anasalimia watu, anakula kila anachopewa. Tulimpenda hadi siku aliyoleta posa na kutaja jina lake kamili: Tadei Malagamba. Na Malagamba ndio sisi. Maisha yetu yote hatukuwahi kukutana na Malagamba mwingine. Jina hilo baba yetu alikuja nalo kutoka magharibi, alipokuja kukata mkonge, mimi nikiwa mgongoni mwake kwa kuwa mama yangu alishafariki. Yosefu amezaliwa huku, kwa mama wa pili. Baba naye alifariki bila kutueleza ukoo wake. Alichotuachia ni jina, na neno moja la Kinyamwezi, "piyano-piyano," alilotuambia kila tulipofanya jambo kwa pupa, maana yake polepole.

Basi kaka akasimamisha posa. Jina moja ni ukoo mmoja, alisema, na mtu haoi dada yake. Roza akawa halali wala hali. Tadei akasema kwao ni Usinge, baba yake amekwishakufa, bibi yake yuko hai, na kwamba yeye mwenyewe alidhani jina lilitokana na mto Malagarasi. Mambo ya ndoa ni kazi ya shangazi, na shangazi ni mimi. Nikafunga mzigo: sukari, sabuni, doti moja ya khanga. Kaka akanisindikiza stesheni, na garimoshi lilipoanza kutikisika akanipigia kelele dirishani: "Niletee neno moja tu, dada. Ni ndugu au si ndugu!"

Morogoro mpaka Saranda

Nilipata kiti cha mbao karibu na dirisha, na furaha hiyo ilidumu mpaka Kilosa, alipopanda mama mmoja wa Urambo na kuku wake kwenye tenga. Akalisukuma tenga chini ya miguu yangu kwa nguvu mpaka kuku wakapiga mayowe. Nikasema moyoni, huyu ni Mnyamwezi, ngoja nimwonyeshe kwamba hata mimi ni wa kwao. Nikamwambia kwa upole, "Piyano-piyano, mama."

Akaniangalia juu mpaka chini. "Unaniita nani?"

"Nasema piyano-piyano. Kinyamwezi."

"Kinyamwezi cha wapi? Mimi nimezaliwa Urambo, nimeolewa Urambo, na matusi yote ya Kinyamwezi nayajua. Hilo silijui."

Nikamweleza si tusi, ni polepole. Akasema polepole kwao ni neno jingine kabisa, na akalitamka, na wenzake wawili wa kiti cha mbele wakaitikia kwamba ndivyo. "Hilo lako labda la Waha," akasema, kisha akanigeuzia mgongo. Niliona haya, na zaidi ya haya nilishikwa na hasira. Neno pekee nililorithi kwa baba linakanwa na wenye lugha! Nikajiambia hawa si Wanyamwezi wa kweli, nikageukia dirisha.

Saranda tukasimama. Mvua ilikuwa imekula kifusi cha reli mbele yetu, na mafundi walikuwa wanajaza mawe. Tulikaa hapo muda mrefu kiasi kwamba watu walijuana majina ya watoto wao. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kukaa, nikashuka kununua mahindi ya kuchoma kwa akina mama wa Kigogo, nikakanyaga jiwe vibaya, mguu wa kulia ukatenguka. Mnanijua. Nilianza kulaumu jiwe, reli, kaka yangu na posa yenyewe.

Aliyenishika mkono ni yule yule mama wa Urambo. Alinikalisha, akachana ukingo wa khanga yake kuukuu, akanifunga mguu kwa ustadi, kisha akafungua kikapu na kunipa matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa ambavyo wao husafiri navyo. Vigumu, vitamu, unavitafuna hadi taya zinachoka. "Tafuna," akasema, "utasahau mguu." Nilitafuna mpaka Itigi. Kuku wake wakalala juu ya mguu wangu mzima, nami nikawaacha. Tukaagana Tabora, alikopokewa na wanawe, wote tunacheka, na nilimwomba radhi kwa hasira niliyomfichia, ambayo hata hakuwa na habari nayo.

Tabora, kwa Bi. Zena

Kwa kuchelewa Saranda, garimoshi la Kigoma lilikuwa limeshaondoka. Nilikaa kwenye benchi la stesheni nikiwa na mguu mkubwa kama mchi. Mwanamke mmoja mwenye baibui alikuwa anauza vitumbua. Alipomaliza sinia lake, akaja mbele yangu akasimama.

"Una mtu hapa mjini?"

"Sina."

"Basi unaye. Nyanyuka."

Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwa Bi. Zena, mtaa wa Isevya, nyumba ya wenyeji wa siku nyingi, ua uliofagiliwa mpaka unaona haya kuukanyaga. Yeye Mwislamu, mimi Mkatoliki na rozari shingoni, na swali pekee aliloniuliza kuhusu dini ni kama Ijumaa nakula nyama. Asubuhi akaniletea uji wa ulezi. Mnaonijua mnajua ugonjwa wangu: uji usio na asali haupiti kooni, tangu utotoni, hata baba alishindwa. Nikauliza kwa aibu kama pana asali.

"Umefika Tabora unauliza kama pana asali?" Akaleta jagi zima, nyeusi, yenye harufu ya moshi na miti. Nilikunywa bakuli tatu.

Nikamsimulia shida yangu. Alisikiliza huku anakoroga unga wa vitumbua, kisha akaniuliza, "Na nani kakwambia jina moja ni damu moja?"

"Kila mtu anajua hivyo."

"Kila mtu wa kwenu. Mimi ni Zena binti Hamisi Salum. Niulize Salum ni nani."

"Ni nani?"

"Mwarabu mwenye msafara. Babu yangu alimbebea pembe kutoka hapa mpaka pwani. Kila walipopiga kambi, watu walikuwa wakiuliza, hawa ni watu wa nani? Wakajibiwa, watu wa Salum. Babu akarudi na kovu la bega na jina hilo. Na Salum mwenyewe hakumpenda hata kumwona." Akacheka mpaka mwiko ukatulia. "Njia hii ndivyo ilivyo, bibie. Ukimfuata mtu, unaitwa wake. Kamuulize huyo bibi wa Usinge, hao Malagamba walikuwa watu wa nani."

Sikuwa nimewahi kufikiri hivyo. Nilipoondoka, alikataa sukari niliyompa, akanifungia vitumbua kwenye jani la mgomba na akanipa fimbo ya marehemu mume wake ya kutembelea. Sijui watu wa namna hii hulipwa wapi. Nimemwombea kila jioni tangu siku ile.

Tabora mpaka Usinge

Kutoka Tabora kwenda magharibi ni miombo na miombo tena, mizinga ya nyuki juu ya miti, na stesheni ndogo ambazo garimoshi linasimama kana kwamba limesahau jambo. Nilishuka Usinge nikiwa na fimbo, mzigo kichwani na maelekezo ya Tadei: pita kijia chembamba cha mashambani, nyumba ya nne yenye vigae vyekundu. Nilizipata nyumba. Watu sikuwapata. Milango ilikuwa imeng'olewa, na ndani ya jiko moja mapapai yameiva na kuanguka yenyewe. Nilisimama pale nikahisi baridi na jua linawaka. Niliogopa kwamba yule bibi amekufa, na nitarudi na jibu la nyumba tupu.

Bwana mmoja mwenye baiskeli akapita. Akanieleza kwamba wote wamehamia kijiji kipya cha ujamaa kando ya barabara, kilichopimwa kwa kamba, na kwamba Tadei aliondoka kwenda ualimu kabla ya kuhama. Akatazama mguu wangu, akashuka, akanipandisha nyuma ya baiskeli, na akaisukuma njia yote kwa miguu yake mwenyewe.

Kijiji kipya

Katibu wa kijiji alikuwa kijana mwenye suti ya viongozi ya mtindo wa Chou En-lai, iliyonyooshwa vizuri kuliko zote nilizoshona. Nikamsalimu, nikamwambia, "Namtafuta ndugu Malagamba."

"Ndugu yupi?"

"Sijui kama ni ndugu. Ndilo nililokuja kuuliza."

Akakunja uso. "Ndugu, hapa sisi wote ni ndugu."

"Naelewa, ndugu katibu. Lakini ni ndugu wa damu?"

"Ndugu," akasema kwa subira ya mtu anayehutubia mkutano, "mambo ya kubaguana kwa damu tumeyaacha."

Nikaona hatutafika. Nikamwambia nioneshe tu Malagamba yeyote. Akatoka nje, akaelekea shamba la pamoja ambako watu walikuwa wanapalilia, akaita kwa sauti, "Malagamba!"

Wakainua vichwa wanaume, wanawake, na mzee mmoja aliyekuwa anapumzika juu ya jembe. Karibu nusu ya shamba. Mwingine akauliza, "Malagamba yupi?"

Njia nzima kutoka Isevya nilikuwa nimejifariji kwa maneno ya Bi. Zena, na sasa naona ukoo mzima umesimama mbele yangu na majembe. Kwa mawazo nilimwona Roza jikoni kwa kaka, macho mekundu, anachambua mchele uleule mara mbili. Nitamwambiaje? Nikaketi chini hapohapo kwenye tuta, mguu unauma, na machozi yakaja, sikuyazuia.

Hapo ndipo nikasikia, nyuma yangu, upande wa kisima: "Piano! Piano, vijana!"

Niligeuka. Alikuwa Mzungu mwenye ndevu nyeupe na kanzu iliyofungwa kiunoni, bruda wa misheni, anasimamia vijana wawili wanaoteremsha bomba la pampu kisimani. Bomba likaenda haraka tena, naye tena, "Piano, piano!"

Nikainuka, nikamwendea nachechemea. "Shikamoo, bruda. Hilo neno ni la Kinyamwezi?"

"Marahaba, mama." Kiswahili chake kilikuwa cha Tabora tupu. "Hapana, hilo ni la mama yangu. Kitaliani. Maana yake polepole. Likinijia la Kiswahili nimechelewa, bomba limeshaanguka."

Nikamwambia jina langu na lililonileta. Aliposikia Malagamba akaweka spana chini. Akaniambia alipofika hapa na kusomewa majina ya waumini alifikiri wanamtania, kwa sababu Malagamba ni jina la kwao, tena la nadra. Yeye ni wa milima ya nyuma ya mji wa Genoa, na maisha yake yote huko alimjua Malagamba mmoja tu, aliyesoma naye, wa kijiji chenye nyumba chache za jina hilo. "Huku mko wengi kuliko kwao," akasema. "Likitoweka kule, itabidi waje kuazima Usinge."

"Na maana yake?"

"Mala ni mbaya, gamba ni mguu. Mguu mbaya. Zamani sana labda babu mmoja alichechemea, watu wakambandika, likaganda mpaka kwa wajukuu wenye miguu mizima." Kisha akatazama chini, akauona mguu wangu umefungwa kwa khanga na fimbo mkononi, akajizuia kucheka, akashindwa. Na mimi nikacheka, machozi bado mashavuni. Kumbe na Wazungu wanabandikana majina kama sisi.

Lakini jina lilifikaje kwetu hakujua, maana alikuja baadaye. Akanipeleka mwenyewe kwa bibi yake Tadei.

Bibi Nyamizi alikuwa barazani anapukuchua mahindi. Nikapiga goti kwa shida. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Akaongeza salamu ya Kinyamwezi: "Mwangaluka, mwanangu. Mbona mguu?"

Nikamwambia mguu ni habari ndefu, nikampa khanga, nikamweleza juu ya watoto wetu wawili. Hakushangaa hata kidogo. Alisema wakati wa vita vya Wazungu waliletwa Tabora mateka wa Kitaliani, na mmoja wao, bwana Malagamba, alikuwa fundi wa vigae. Alipewa vijana wa kazi, mume wake mmojawapo, naye Nyamizi akawa mpishi wao.

"Alichechemea?" nikauliza.

"Nani, Malagamba? Alitembea kama askari. Mdomo ndio ulikuwa mbaya."

Vigae vyake havikuvuja. Ukienda popote ukasema wewe ni mtu wa Malagamba, kazi unapata. Vita vilipokwisha yeye akarudi kwao, vijana wakabaki na jina, wakaandikishwa nalo, wakazaa nalo. Wengi walimfuata mume wake wakajenga Usinge. Mmoja alishakwenda mkonge hata vita havijakwisha.

"Huyo wa mkonge alikuwaje?" nikauliza, na kabla hajajibu nikamweleza baba yangu mwenyewe. "Mtu wa kimya. Ana alama ya moto hapa, mkono wa kushoto. Kila kitu piyano-piyano."

Bibi Nyamizi aliacha mahindi. Akanishika kidevu, akanigeuzia kwenye mwanga, akasema, "Uji bila asali hunywi."

Nikamuuliza amejuaje.

"Mimi ndiye niliyekuzoesha," akasema. "Mama yako alipokufa baba yako alikuleta jikoni kwangu, una meno mawili. Ulitema kila kitu. Nikakutilia asali, ukanyamaza. Ulikaa mgongoni kwangu mpaka siku alipokuchukua kwenda huko. Baba yako ni Maganga. Mtu wa Puge. Na mume wangu ni mzaliwa wa hapahapa. Koo zao hazijawahi hata kuazimana jembe."

"Kwa hiyo Roza na Tadei…"

"Waoane. Tena wasikawie, nataka kula pilau meno yangu yakiwapo."

Halafu akaninyanyulia mikono yake miwili, na mimi mtu mzima, mshonaji ninayeogopewa mtaa mzima, nikaegemea bega lake nikalia kama niliyefiwa na kufufuliwa siku moja. Maisha yangu yote sikuwahi kukutana na mtu aliyenijua kabla sijajijua.

Usinge mpaka Morogoro

Sina mengi ya kurudi. Nilikaa kwa Bibi Nyamizi mpaka mguu ulipopungua, nikinywa uji kila asubuhi. Katibu alikuja kuniaga na kuniuliza kama nimempata ndugu niliyekuwa namtafuta; nikamwambia nimempata, naye akaridhika, kwa sababu zake. Tabora nilishuka kumrudishia Bi. Zena fimbo. Akaikataa, akasema ameshazoea nyumba bila fimbo ile. Nikamwambia babu yake na baba yangu walibeba mizigo tofauti kwenye njia ileile.

Morogoro, kaka Yosefu alikuwa mbele ya watu wote, na Roza nyuma yake kajificha kwenye nguzo. Garimoshi halijasimama, kaka akapaza sauti: "Dada! Ndugu au si ndugu?"

Siku hizi ukiita ndugu mahali penye watu, kila mtu anaitika. Nusu ya jukwaa iligeuka. Nikatoa kichwa dirishani, nikajibu kwa sauti ileile niliyojibiwa mimi Usinge: "Si ndugu! Waoane!" Roza akakaa chini pale pale nguzoni akaficha uso kwa khanga, na watu wasiojua kitu wakapiga vigelegele.

Nikachukua mtungi wa asali wa Bibi Nyamizi, nikashuka ngazi kwa haraka nimfikie mtoto, nikausahau mguu. Ukateleza. Kaka akanidaka mkono, mtungi akaushika kwa mkono wa pili, na bila kufikiri, kama alivyozoea tangu tukiwa wadogo, akaniambia: "Piyano-piyano, dada."

Nilisimama pale ngazini watu wakinipita. Bado nilikuwa sijamwambia kwamba neno hilo baba alilipata kwa bwana Malagamba, na yeye kwa mama mmoja wa Kitaliani huko milimani, aliyemwambia mwanawe aende polepole.